Diari ya mwalimu wa sekondari: kwenye vipindi safi, kwingine imechemka

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aendelee na mambo yake: nyota tatu na nusu kati ya tano. Wewe ni mwalimu mpya na bado unahangaika kupanga vipindi, chukua. Ila kama ni mwalimu wa darasa, na juu yake una zamu, una klabu, una wazazi wanaokupigia usiku, jua kabisa utanunua na daftari jingine la pembeni.

Naongelea hizi diari za walimu za kuchapishwa, zile nene za mwaka mzima ambazo ratiba, andalio la somo, mahudhurio, maksi, mawasiliano na wazazi vyote vimewekwa kwenye jalada moja. Zipo za kila aina na zinafanana mno, kwa hiyo jina la niliyonayo silitaji, nitakachosema kitakusaidia hata ukikutana na ya kampuni nyingine. Nimeitumia mwaka mzima wa masomo na kiukweli nimeikagua kwa swali moja tu: huyu aliyeibuni anaijua kazi ya mwalimu wa sekondari yote, au anajua ile sehemu ya kusimama mbele na chaki? Maana ukitaka kujua mtu anaionaje kazi yako angalia amekupa nafasi kiasi gani ya kuandika kila kitu. Humu andalio la somo limepewa ukurasa mzima wa kila siku, na "ushauri kwa wanafunzi" ukapewa mistari minne mwishoni kabisa baada ya kalenda ya mwaka ujao. Hapo tu nikaelewa.

Umbo lake sina ugomvi nalo. Ringi ya chuma, inafunguka ikalala flati mezani, karatasi nzito kidogo kwa hiyo peni nyekundu haitokezi upande wa pili. Jalada gumu. Haibebeki kirahisi lakini nani alisema mzigo wa mwalimu ni mwepesi.

Sasa kurasa za andalio la somo, hapa lazima niwape haki yao, wamepatia. Kwanza hawajaweka yale masanduku ishirini ya kujaza ili mkaguzi afurahi. Kuna lengo, kuna hatua za kipindi, kuna vifaa, halafu kuna swali limeandikwa kwa herufi nzito: "Utajuaje kama wameelewa?" Hili swali peke yake linastahili nyota mbili. Wengi tumezoea kuandika lengo la "wanafunzi waelewe usanisinuru", sasa kuelewa unakuona wapi, usoni? Ukilazimika kujibu swali la pale chini unajikuta unabadilisha lengo lenyewe, unaandika waeleze kwa nini jani lililokaa gizani haligeuki bluu-nyeusi likidondoshewa iodini, dawa inayoonyesha wanga, hapo sasa una kitu cha kupima. Ndo zile ngazi za kufikiri za mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake za 1956 ambazo kila aliyepita chuo cha ualimu alikariri akajibia mtihani akasahau, kwamba kukumbuka ni kitu kimoja na kuchambua ni kingine. Diari haikuhubirii nadharia, inakuuliza tu swali na inakuachia mistari.

Kingine kizuri ni kisanduku kidogo upande wa kulia kinaitwa "makosa yanayojirudia". Jamani hiki kimeniokoa. Nitoe mfano wa hesabu kwa sababu kila mtu ameupitia: mwanafunzi unampa (x + 3)² aifungue, anakuandikia x² + 9 na anakukabidhi daftari kwa kujiamini kabisa. Sio mmoja, ni nusu darasa, na darasa la mwaka huu linakosea vilevile kama la mwaka jana na la mwaka juzi. Mwalimu akishaliandika hilo kosa kabla hajaingia, anaingia na dawa yake, anachora mraba wenye upande wa x + 3, anaugawa vipande vinne, wanaona wenyewe kuna vile vipande viwili vya 3x ambavyo walivitupa. Kujua somo ni jambo moja, kujua watoto wanalikoseaje ndo ualimu wenyewe, na hii diari inakulazimisha ulirithishe hilo kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine badala ya kuanza upya kila mara.

Kasoro moja tu hapa, hakuna sehemu ya usalama. Kwa mwalimu wa sayansi hii sio ya kuipita hivihivi. Jaribio hilohilo la jani na iodini unalichemsha kwanza kwenye maji halafu kwenye spiriti kuondoa ukijani, na spiriti haiwekwi juu ya moto wa wazi, inapashwa kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto na moto umezimwa. Hilo ni jukumu la mwalimu kabla ya yote, mtoto akiungua hakuna atakayeuliza lengo la somo lilikuwa nini. Mstari mmoja wa "hatari na tahadhari" ungetosha. Mi naandika pembeni kwa penseli.

Nikitoka hapo nakuja kwenye ratiba, ambayo ni ya kawaida. Vipindi vyote saizi moja, kipindi pacha cha maabara hakina pa kukaa, unachora mshale. Tuendelee.

Ila ngoja niseme kitu kuhusu hiyo ratiba kabla sijaiacha. Imechorwa kana kwamba kama huna kipindi huna kazi, yaani yale masanduku meupe yameandikwa "huru". Huru! Utafiti kuhusu walimu unaoitwa TALIS, wa OECD, lile shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, ule wa 2013, ulikuta walimu wa sekondari za chini kwenye nchi zilizoshiriki kwa wastani wanafanya kazi kama masaa 38 kwa wiki na kati ya hayo ya kufundisha ni kama 19 tu, yaani nusu. Maandalizi yanakula kama masaa 7, kusahihisha kama 5, na yanayobaki yanaliwa na vikao, makaratasi, wazazi, kushauri watoto. Sasa mtu anayetengeneza diari ya mwalimu akiiita hiyo nusu nyingine "huru" ujue hajaongea na mwalimu hata mmoja. Niliyakata hayo maneno kwa peni nikaandika ninachofanya kweli, na nawashauri mfanye hivyohivyo, siku mkuu akikuuliza mbona hujashika darasa la aliyeumwa una pa kumwonyesha.

Mahudhurio. Hapa ndo niliudhika. Visanduku ni vyembamba mno, kinaingia tiki au kinaingia kosa basi. Lakini mtoto wa sekondari hayupo kwa namna nyingi, kuna mgonjwa, kuna mwenye ruhusa, kuna aliyechelewa, kuna aliyekuwepo asubuhi akayeyuka baada ya mapumziko. Nikaishia kutunga herufi zangu, M kwa mgonjwa, R kwa ruhusa, C kwa aliyechelewa, T kwa mtoro, na herufi yenyewe inabidi iandikwe kama ya sisimizi. Na jumla wanaweka mwisho wa mwezi tu, mtu kakosa siku nne. Nne zipi? Mwalimu wa darasa hatafuti idadi, anatafuta mpangilio. Mtoto aliyekosa siku nne mfululizo kwa malaria ni habari tofauti kabisa na aliyekosa kila Jumatatu, au yule anayekuwepo siku nzima ila kipindi cha hesabu hakosi kuwa na tumbo. Huyu wa mwisho mara nyingi hana shida na shule, ana shida na aibu ya kuitwa ubaoni, na ukimwahi anarudi. Rejesta ikipangwa vizuri inakuonyesha hayo kwa jicho tu bila kuhesabu, hii imepangwa kwa ajili ya takwimu za ofisini.

Kurasa za maksi nazo zina ugonjwa uleule. Zoezi la kwanza, la pili, la tatu, mtihani, jumla, wastani, nafasi. Maoni wamekuwekea safu yenye upana wa kidole, utaandika "jitahidi" na hata hiyo itabidi uikunje. Na mimi nasema "jitahidi" sio maoni, ni salamu. Kuna utafiti wa mtaalamu wa elimu Ruth Butler wa 1988 ambao kila mtengeneza diari angebandikiwa ukutani: wanafunzi waliopewa maoni peke yake walisonga mbele, waliopewa alama peke yake hawakusonga, na hata waliopewa alama pamoja na maoni nao hawakusonga, maana mtoto akishaona namba hasomi tena, anageuka kumuuliza jirani kapata ngapi. Wote tumeliona hili, unarudisha karatasi ulizokesha nazo, ndani ya dakika mbili zimekunjwa mara nne zipo mfukoni.

Na kukesha sio maneno ya kutia chumvi. Piga hesabu, mikondo minne ya watoto 40 ni karatasi 160, kila moja ukiipa dakika tano tu ni dakika 800, masaa kumi na tatu na zaidi, kwa zoezi moja. Hakuna binadamu atakayeandika maoni ya maana kwa wote kila wiki. Nilichofanya ni kutumia ule ukurasa wa "kumbukumbu" ulio wazi, nikisahihisha naorodhesha makosa makubwa matatu au manne na kuyapa namba, kwenye daftari la mtoto naandika namba ya kosa lake tu, kipindi kinachofuata tunayapitia ubaoni na kila mtu anarekebisha la kwake mbele yangu. Alama naitunza mimi, anaipata baadaye. Diari ingekuja na ukurasa wa namna hiyo umeshachorwa ningeongeza nusu nyota bila kuombwa.

Haya sasa, kitu kinachonifanya nisiipe hata nne. Katikati ya diari kuna kurasa zina kichwa "Matukio na changamoto za mwanafunzi", na chini yake jina, tarehe, tatizo, hatua. Kwa macho ni kitu kizuri, si wanajali watoto. Lakini fikiria diari yenyewe inakaa wapi. Inakaa mezani ofisini ikiwa wazi, inabebwa na kiranja kutoka darasa moja kwenda jingine, unaisahau maabara, mwenzako anaifungua kutafuta ratiba yako. Na unatakiwa uandike humo kwamba mtoto fulani kwao kuna vurugu, au binti fulani ana mtu mzima anamsumbua? Hapana. Hapana kabisa.

Watu hawapendi kuliongelea hili ila mwalimu wa sekondari anapokea siri nzito kuliko anazofundishwa kuzibeba. Mtoto wa miaka kumi na tano hakupi taarifa kwa mpangilio, anabaki nyuma wenzake wametoka, anachezea zipu ya begi, anakwambia "mwalimu nikikuambia kitu hutamwambia mtu?" Na jibu sahihi ni gumu kutamka, kwa sababu huwezi kuahidi. Unamwambia mwanangu, kama ni jambo linalokuumiza itabidi nimwambie mtu anayeweza kutusaidia, ila sitamwambia asiyehusika. Akikueleza unasikiliza, humhoji kama polisi, humuulizi maswali ya kumlisha jibu, hushangai usoni, ukitoka unaandika maneno yake kama alivyoyasema yeye pamoja na tarehe na saa, unayapeleka siku hiyohiyo kwa anayehusika na ulinzi wa watoto pale shuleni. Huendi kumkabili mtuhumiwa, huiti kikao cha stafu, huandiki kwenye diari yenye picha ya ua kwenye jalada. Hizo karatasi zinakaa kwenye faili linalofungwa kwa ufunguo. Mimi zile kurasa nimezibana zote na stepla, na ukinunua nakushauri ufanye hivyo siku ya kwanza.

Kurasa za mawasiliano na wazazi zimenishangaza kwa uzuri, nilitegemea upuuzi. Kuna tarehe, nani alianzisha, kilichoongelewa, halafu safu mbili pembeni, "mzazi atafanya" na "mwalimu atafanya". Hizo safu mbili zinabadilisha kikao kizima. Bila hizo mazungumzo yanakwenda hivi, mzazi anasema mwalimu mwanangu nyumbani anasoma sana, mwalimu anasema mama huku darasani hajibu kitu, mnaishia mkisema basi tushirikiane, mnaagana kwa heshima zote na hakuna kilichobadilika. Ukiwa na ule ukurasa mbele inabidi muandike kitu, mama atachukua simu saa tatu usiku, mwalimu atamsogeza dawati la mbele na kumuuliza swali moja kila kipindi, wiki mbili tuongee tena. Na kuna kisanduku nimekipenda zaidi ya vyote, "simu ya habari njema". Aliyekiweka hiki anajua kabisa kwamba mzazi akiona namba ya shule moyo unamwenda mbio, kwa sababu hatumpigiagi ila mtoto kaharibu. Piga siku moja kusema mtoto kajibu vizuri, uone siku ukimwita kwa shida atakavyokuja.

Nini hakimo kabisa? Zamu haimo. Usimamizi wa mitihani haumo, na pale kuna orodha ndefu, nani kakaa wapi, nani katoka saa ngapi, karatasi ngapi zimetoka na ngapi zimerudi, kosa dogo tu linaweza kufuta matokeo ya mtoto ambaye hakuiba. Klabu na michezo haimo. Kushika darasa la mwenzako haimo. Kumpokea mwalimu mpya na kumwelekeza haimo. Yaani ukiisoma hii diari ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho utadhani mwalimu anafika, anafundisha, anatoa maksi, anaongea na mzazi, anaondoka.

Halafu sio kwamba hayo majukumu ni siri. Lile Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, la mwaka 1966, limeshasema kwamba ukipanga masaa ya kufundisha uhesabu na idadi ya wanafunzi, na muda wa kuandaa na kusahihisha, na shughuli za nje ya darasa, na usimamizi, na ushauri nasaha, na muda wa kuongea na wazazi. Lilipitishwa Oktoba 5, ndo maana Siku ya Walimu Duniani iko tarehe hiyo tangu 1994. Na cha kuchekesha diari imeiweka hiyo siku kwenye kalenda, na nyota juu, na maneno "Hongera Mwalimu!" Badala ya hongera wangenipa ukurasa wa zamu.

Sasa nafasi ilipotelea wapi? Misemo. Kila wiki ina msemo wa kutia moyo uliokula robo ukurasa, mwalimu ni mshumaa, mwalimu ni taa. Mshumaa unaungua ukaisha, mi hiyo sifa siitaki.

Kuna watakaouliza kwa nini nisitumie programu ya kwenye simu. Kwa maksi nawaunga mkono, kompyuta inapiga wastani bila kukosea na ripoti inatoka yenyewe, huko diari haina ubavu. Kwa mahudhurio pia, kama shule ina mfumo utumie wa shule, hakuna haja ya kuandika mara mbili. Ila andalio la somo na yale makosa yanayojirudia nayataka kwenye karatasi, nipo darasani naandika neno moja huku naongea, siwezi kuchomoa simu mbele ya watoto ambao nimetoka kuwanyang'anya za kwao. Na kuna jambo la Mary Budd Rowe ambalo nimelijaribu kwa msaada wa hii diari, yule mtafiti miaka ya sabini alikuta mwalimu akiuliza swali anasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuita mwingine au kujibu mwenyewe, ukisubiri tatu majibu yanakuwa marefu na hata wakimya wanaanza kuongea. Nimeandika "3" kubwa juu ya kila andalio, naiona nikiinamisha kichwa, nanyamaza. Sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa ni ndefu sana asikudanganye mtu, lakini kuna kijana nyuma kule aliyekuwa hajafungua mdomo muhula mzima akajibu.

Kwa hiyo nani anunue: mwalimu wa mwaka wa kwanza na wa pili, ndio, kwa zile kurasa za kipindi na za wazazi. Mwalimu wa darasa anunue akijua rejesta itamchosha na daftari la zamu ni juu yake. Mkuu wa idara asihangaike, ya kwake hayamo. Na mkuu wa shule anayetaka kuwanunulia walimu wote kwa mkupuo aombe kwanza nakala moja, ampe mwalimu mwenye zamu nyingi aitumie muhula mmoja, arudi na kurasa alizobana na stepla.

Ah na kitu cha mwisho nilikuwa nasahau, ringi inafunguka upande wa chini ukiijaza makaratasi, kwa hiyo msiweke karatasi za mtihani humo ndani.